Macho Mekundu na Kipimo cha Nafsi

Mtu akiamka na macho mekundu akajitazama katika kioo, hasemi, "Mimi ni mchawi." Husema, "Jana moshi ulinizidi," au, "Usiku sikulala." Lakini aonapo macho hayo hayo usoni mwa mwenziwe, mara nyingi haulizi moshi wala usingizi, huhukumu moyo. Jambo hili dogo ndilo mwanzo wa dhuluma kubwa.

Katika Usukuma, upande wa Mwanza na Shinyanga, kusini ya ziwa Victoria, miti ilipungua zamani, na wanawake wengi wamepikia mavi makavu ya ng'ombe. Mwanamke akaaye penye mafiga na moshi huo miaka arubaini, macho yake huwa mekundu. Wekundu huo ukafanywa alama ya uchawi. Mtoto akifa, hutajwa kikongwe mwenye macho hayo, na usiku hujiwa kwa mapanga. Hesabu ya serikali ya tangu 1970 mpaka 1984 ilipata watu zaidi ya 3,000 waliouawa Tanzania kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na sehemu kubwa huko Usukuma. Sheria ya uchawi ilikuwako tangu 1928. Lakini sheria haiingii kichwani mwa mtu. Basi kichwani mna nini?

Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenziwe, huko St. Louis, Marekani, walieleza kuwa ziko sehemu za ubongo zizidizo kufanya kazi wakati mtu ametulia hana shughuli. Sehemu hizo zimeungana kama wavu, na wavu huo ndio ufanyao kazi mtu afikiripo nafsi yake, na pia afikiripo yaliyomo moyoni mwa mwenziwe. Mwaka 2006 Jason Mitchell na wenziwe walitazama ubongo wa watu kwa mashine ya sumaku, wakaona kuwa mtu amfikiripo aliyefanana naye, hutumika pahala pa chini ya paji la uso, pale pale atumiapo kujifikiria nafsi yake. Amfikiripo asiyefanana naye, kazi huhamia pahala pa juu zaidi. Yaani, mwenzetu hupimwa kwa kipimo cha nafsi, na mgeni kwa kipimo kingine.

Huenda mtu akasema: ikiwa ni kazi ya ubongo, lawama iko wapi? Jawabu ni kuwa watu wale waliochunguzwa hawakuwajua waliowafikiri. Walionyeshwa picha na maneno machache tu ya kuwaeleza, na hayo yakatosha kumfanya mmoja mwenzao na mwengine mgeni. Basi kigawanyacho ni neno, na neno lina mwenye kulisema. Kikongwe yule alikuwa mama wa kijiji mpaka alipoitwa mchawi. Na tangu hapo hakuna aliyekumbuka moshi.

Wala mtu wa Pwani asisome haya akasema, "Hao ni watu wa bara." Asemapo hivyo amekwisha kufanya lile lile: amewatoa katika kipimo cha nafsi yake. Dhana mbaya imekatazwa kwa sababu huanza kwa neno jepesi namna hii. Aonaye macho mekundu, na aulize kwanza habari ya moshi, kama apendavyo mwenyewe kuulizwa.