Ndoto Inayorudi na Gari la Kwenda Nyumbani

Ifikapo Desemba, swali la gari huingia katika nyumba nyingi za usharika wetu hata kabla ya swali la nguo za Krismasi. Tunaishi Dar es Salaam, lakini wazee wetu, migomba na makaburi ya nyumbani viko Moshi, Rombo, Machame au Same, na njia ya kutoka hapa mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Kuna basi, ambalo tangu 2023 limeruhusiwa tena kusafiri usiku kucha. Kuna treni, iliyorudi kubeba abiria kwenye reli ya kaskazini mwishoni mwa 2019. Kuna gari la mwenyewe, kwa mwenye nalo. Na kuna njia wanayoipenda wengi wetu: ndugu kuchangishana, kukodi Noah au Coaster, na kusafiri ukoo mzima pamoja huku tukiimba.

Katika kikao cha kuamua jambo hili mara nyingine huja mjumbe ambaye hakualikwa, nayo ni ndoto. Tuchukue familia ya mfano, ingawa wengi wetu tutadhani tunaijua. Coaster imeshapatikana, na kianzio kimeshalipwa. Kisha mama wa nyumba anaiota mara tatu ndani ya wiki mbili. Anaiona ikiserereka mteremkoni, watoto wakiwa ndani, naye yuko nje akigonga kioo. Baba anacheka na kusema, "Mama Neema, umelala umeshiba mno." Bibi anasema fedha zirudishwe leo hii. Jirani anajua mtu anayefasiri ndoto, ila huendewi mikono mitupu.

Mtu afanye nini na ndoto ya namna hii? Ni rahisi kuchukua upande wa baba au wa bibi, lakini kila upande una gharama yake, na si ya fedha tu.

Wanaosema ndoto iliyorudi lazima itoke kwa Mungu huenda moja kwa moja kwa Farao. Ni kweli, Yusufu alimweleza Farao kwamba kuota mara mbili kulimaanisha Mungu amelithibitisha jambo lile (Mwanzo 41). Lakini hapo Yusufu alikuwa anaifasiri ndoto moja, kwa mfalme mmoja. Hakutupa kanuni ya kuhesabia ndoto zote. Vitu vingi hurudi usiku bila kutumwa na Mungu. Aliyenusurika ajali anaweza kuiota kwa miaka. Wataalamu wa saikolojia wanaeleza kwamba ndoto zinazojirudia mara nyingi hufuatana na msongo wa mawazo au jambo ambalo halijapata utatuzi, na Mhubiri aliliona hilo zamani alipoandika kwamba ndoto hutokana na wingi wa shughuli (Mhubiri 5). Mama wa Desemba ana shughuli ngapi? Ada ya Januari, mchango wa ukoo, zawadi za wakwe, kuku wa kuachiwa jirani. Tungeshangaa kama asingeota kitu.

Yeremia anatusaidia zaidi. Aliwakemea vikali waliowapotosha watu kwa ndoto zao, lakini hakumwamuru mwotaji anyamaze. Alitaka ndoto isimuliwe kama ndoto, na neno la Mungu lisemwe kama neno la Mungu, kwa uaminifu (Yeremia 23). Basi mama huyu ana haki ya kusema, "Nimeota, na ninaogopa." Akisema, "Mungu ameniambia," amepanda ngazi nyingine, na huko juu kuna maswali magumu.

Swali gumu kuliko yote linawahusu watu wengine. Familia ikirudishiwa kianzio, Coaster ile haitalala gereji. Mwenye gari ataikodisha kwa ukoo mwingine wa kwenda Rombo au Tanga. Kama kweli Mungu ametangaza kwamba gari hilo litaanguka, je, mama huyu atawafuata hao wengine na kuwaambia? Ezekieli anasimulia habari za mlinzi aonaye upanga unakuja asipige tarumbeta, na damu ya watu inadaiwa mkononi mwake (Ezekieli 33). Wengi wetu tungechukua fedha zetu, tukakata tiketi mahali pengine na kunyamaza kimya. Kunyamaza huko kunaonyesha kwamba ndani ya mioyo yetu hatukuamini kuwa tumebeba ujumbe wa Mungu. Tulikuwa na hofu. Si dhambi kuwa na hofu, lakini tusiibandike muhuri wa Bwana.

Tufikirie pia wale wanaokufa barabarani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 1.19 hufa kwa ajali za barabarani, na miongoni mwao wamo waliosali asubuhi ile ile. Tukisema Mungu humwonya mpendwa wake kwa ndoto ili asipande, tunasema nini kwa mjane ambaye mume wake hakuota chochote? Bwana Yesu alipozungumza juu ya wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, alikataa kabisa wazo kwamba walikuwa wakosaji kuliko majirani zao (Luka 13). Ushuhuda wa "mimi nilionyeshwa nikashuka" unashangiliwa sana kanisani, lakini tukumbuke ni nani ameketi benchi la nyuma akiusikiliza.

Pamoja na hayo yote, kicheko cha baba hatukikubali. Yakobo aliposikia ndoto za Yusufu alimkemea kijana, ndiyo, lakini Maandiko yanasema aliliweka jambo lile moyoni (Mwanzo 37). Alikemea na bado akatunza. Baba wa familia yetu amekemea tu. Angeuliza swali moja, "Nini hasa kinachokuogopesha kwenye gari lile?", huenda angesikia mambo yasiyohitaji mfasiri. Kwamba mama aliiona Coaster ikipita na matairi yamekuwa vipara. Kwamba dereva yule yule atakuwa amerudi kutoka safari nyingine alfajiri ya siku hiyo. Kwamba viti ni 29 na majina kwenye daftari ni 36, watoto "watapakatwa". Moyo huona mchana kitu ambacho kikaoni hakikupewa nafasi, nao usiku hukirudia mpaka usikilizwe. Hatusemi ndiyo tafsiri. Tusije nasi tukafungua ofisi ya kufasiri. Tunasema tu kwamba mtu aliyejiota akigonga kioo kutoka nje huenda hakuulizwa lolote wakati gari linachaguliwa.

Na hilo la kupakata lisipite hivi hivi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa likisimama ghafla, hakuna mikono ya mama, shangazi wala dada mkubwa inayoweza kumshika mtoto. Kuomba ulinzi kisha kuwabandika watoto saba kwenye mapaja ya watu kunakaribia sana lile jaribu la juu ya kinara cha hekalu, ambapo Bwana alikataa kujitupa chini ili malaika wamdake (Mathayo 4). Mchungaji akija kuliombea gari, na aje. Fundi wa breki awe ametangulia.

Zipo pia ndoto tamu, na hizo hazimsumbui mtu vya kutosha. Kijana anaota mara kwa mara anaingia kijijini na gari jeupe, watu wakishangilia. Anaiita maono, anakopa kwenye SACCOS mwezi wa Novemba, na Februari mtoto anarudishwa nyumbani kwa ada. Ndoto ya hofu hupelekwa kwa mchungaji ipimwe. Ya kujitukuza haipelekwi.

Biblia inayo safari moja ya familia ambamo ndoto na magari vimekutana. Yakobo alipoambiwa Yusufu yu hai, moyo wake ulizimia, hakuamini. Maneno hayakutosha. Alipoona magari (Biblia yetu ya Kiswahili inayaita hivyo hivyo) yaliyotoka Misri kuja kumchukua, roho yake ikafufuka (Mwanzo 45). Farao alikuwa ameagiza magari hayo kwa ajili ya watoto wadogo, wake zao, na mzee. Katika ukoo ule wa watu 70, uchaguzi wa chombo ulianza na wasioweza kutembea. Yusufu naye akaongeza chakula cha njiani, na akawaonya ndugu zake wasigombane barabarani, jambo ambalo kila aliyewahi kukaa kwenye gari moja na mashemeji watatu tangu Chalinze hadi Same atalielewa.

Ndipo, Yakobo akiwa amekwisha kuanza safari, huko Beer-sheba, Mungu akasema naye katika maono ya usiku asiogope kushuka Misri (Mwanzo 46). Sauti ya usiku haikumchagulia gari. Ilimpa mzee mwenye hofu ahadi kwamba hatakwenda peke yake.

Tuseme sasa baba ameuliza, matairi yamebadilishwa, dereva amelala, majina yamepunguzwa hadi 29, na mama bado hawezi kupanda. Basi na apande treni na wale atakaokuwa nao, na hasara ya nauli wagawane wote, bila mtu kumwambia imani yake ni ndogo. Coaster ikifika Moshi salama naye akateremka stesheni baada yao, asifanywe mzaha wa Krismasi. Na isipofika, wasije watu msibani wakamwita nabii, mbele ya wale ambao wapendwa wao walilala usingizi mzuri usiku ule, wakaamka, wakasali, wakapanda.