Maadili ya -ngali-: Manowari za Kijerumani na Wapagazi wa Thika na Ruiru

Miongoni mwa tanzu za bunilizi zilizostawi katika karne ya 20 ni utanzu wa historia mbadala, yaani masimulizi yanayobadilisha tukio moja la kale kisha yakafuata matokeo yake ya kubuni. Makala haya yanachunguza tawi moja dogo la utanzu huo, lile linalojishughulisha na manowari za Ujerumani baina ya vita vikuu viwili vya dunia pamoja na mikataba iliyozidhibiti. Swali linaloulizwa ni la kimaadili: je, ni halali kuibuni upya historia ambayo watu waliifia? Linaulizwa kutoka Thika na Ruiru, miji ya bara ambayo haipakani na bahari yoyote. Sababu ya uchaguzi huo itabainika baadaye.

Ukweli wa mambo kwanza. Mkataba wa Versailles wa 1919 uliiruhusu Ujerumani kuwa na manowari sita tu za deraya, ukaamuru kwamba zitakazojengwa badala yake zisizidi tani 10,000, na meli nyepesi za doria zisizidi tani 6,000. Nyambizi zilipigwa marufuku kabisa. Wahandisi wa Kijerumani wakajifunza kuishi ndani ya tarakimu hizo na, pale ilipowafaa, kuzidanganya. Deutschland, iliyoanza kujengwa Kiel mwaka 1929 na kuingia kazini mwaka 1933, ilibeba mizinga sita ya sentimita 28 na kuendeshwa kwa injini za dizeli. Ilitangazwa kuwa ya tani 10,000 ilhali ilizidi kiwango hicho. Königsberg, meli nyepesi ya mwaka 1929, ilipunguziwa uzito wa chuma hadi umbo lake likawa dhaifu mno kwa bahari iliyochafuka. Mwaka 1935 Uingereza yenyewe ikakubali Ujerumani iwe na jeshi la majini lenye uzito wa asilimia 35 ya lile la Kiingereza, na mwezi wa Aprili 1939 Hitler akaukana mkataba huo.

Hapa ndipo mtunzi wa historia mbadala huingia. Ingekuwaje kama Versailles ingeruhusu tani 20,000? Ingekuwaje kama Ujerumani ingealikwa Washington mwaka 1922, mataifa matano yalipogawana bahari kwa uwiano wa tarakimu? Kazi za namna hii aghalabu husomwa kwa raha, na haifai kuzibeza. Zina nidhamu yake: unene wa bamba, upana wa mdomo wa mzinga, mwendo wa meli kwa saa. Kinachozikosesha uzito wa kimaadili ni kwamba hupima kila kitu isipokuwa mtu.

Jina la Königsberg halikuwa geni Afrika ya Mashariki. Meli ya awali yenye jina hilo ilifika Dar es Salaam mwezi wa Juni 1914, ikiwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza walishindwa kuifikia kwa meli zao kubwa. Waliomaliza kazi hiyo, Julai 1915, ni Severn na Mersey, meli za kina kifupi ambazo hapo awali ziliagizwa na Brazil kwa ajili ya mito yake na kununuliwa na Uingereza vita vilipoanza. Hata hivyo mizinga ya Königsberg haikufa pamoja nayo. Iliopolewa, ikatiwa magurudumu katika karakana za Dar es Salaam, ikawa silaha za nchi kavu. Mzinga uliosanifiwa kubebwa na bahari sasa ulivutwa kwa mikono ya Waafrika.

Upande wa pili wa vita mabega yaliyotakiwa yalikuwa mengi zaidi. Reli ya kutoka Nairobi kupitia Ruiru ilikuwa imefika Thika mwaka 1913, kwa ajili ya mashamba ya walowezi. Katika fasihi inayosomwa ulimwenguni Thika ya miaka hiyo inajulikana zaidi kupitia kitabu cha Elspeth Huxley cha mwaka 1959, kumbukumbu za utoto wa shambani. Vijana wa Kiambu waliotolewa kwa sheria ya 1915, na hasa katika msako mkubwa wa 1917 uliosimamiwa na John Ainsworth, hawakuandika kumbukumbu. Walikusanywa Nairobi mahali ambapo hadi leo panaitwa Kariokor, wakapelekwa kusini kubeba risasi na unga. Makumi ya maelfu ya wapagazi hawakurudi. Wengi wao hawakuuawa na mzinga wowote. Waliuawa na kuhara damu, malaria, na unga wa mahindi ulioparazwa vibaya na kupikwa nusunusu, ambao matumbo ya wengi hayakuuzoea.

Sarufi ya Kiswahili ina la kusema hapa. Wanasarufi wa zamani walishikilia kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado lawezekana, na -ngali- ni ya jambo ambalo mlango wake umefungwa. Wasemaji wa leo huchanganya, na pengine wana haki yao. Lakini tofauti hiyo ina faida kwa mhakiki. (Isitoshe, umbo hilohilo la -ngali hutumika kwa jambo lisilokoma: yungali, wangali.) Wahenga walionya kwamba ningalijua huja baadaye, na wapo wanaolichukua onyo hilo kuwa hukumu dhidi ya historia mbadala yote: yaliyopita yamepita, na kuyabuni ni upuuzi.

Hoja hiyo haisimami. Anayesema kwamba wapagazi walidhulumiwa tayari ametumia -ngali-: lau wangalipewa chakula walichokizoea na dawa, wengi wasingalikufa. Bila sharti hilo lisilotimia hakuna lawama, kwa kuwa hakuna anayelaumiwa kwa jambo ambalo lisingaliweza kuwa vingine. Mwaka 1917 mambo hayo yalikuwa bado katika -nge-, na walikuwapo madaktari na maofisa walioyasema. Kwa hiyo kubuni yasiyotokea si anasa ya wapenda meli peke yao. Ni sehemu ya kutoa hukumu.

Tatizo ni pale sharti linapowekwa. Hata sharti la chakula, kwa ukaribu na uadilifu wake wote, lina mtego. Linamfanya msomaji aamini kwamba kosa lilikuwa la jikoni: kwamba mpagazi aliyeshiba na kurudi kwao Ruiru akiwa mzima hakudhulumiwa. Swali la nani alimpa yeyote haki ya kumtoa shambani kwake linafichwa nyuma ya sufuria. Mtunzi wa manowari hutenda vivyo hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Atabadili deraya, atabadili mizinga, atabadili hata mshindi, lakini dola itabaki kama ilivyo. Lau Brazil ingalizichukua meli zake, huenda Königsberg ingalikaa Rufiji muda mrefu zaidi. Mpagazi wa Thika angalibeba mzigo uleule, maana kilichomfanya mpagazi hakikuwa ndani ya meli.

Mwaka 1922 unalionyesha jambo hili vizuri. Tarehe 6 Februari mkataba wa Washington ulitiwa saini, na dunia ikasifu busara ya kupunguza silaha. Tarehe 14 Machi Harry Thuku alikamatwa Nairobi, na siku mbili baadaye umati uliodai aachiliwe ukamiminiwa risasi. Muthoni Nyanjiru akawa miongoni mwa waliouawa. Madai yalikuwa kodi, ujira uliokatwa, kazi ya lazima ya wanawake mashambani, na kipande kilichovaliwa shingoni ndani ya kijaluba cha chuma. Askari wa Kizungu waliopigana vita vilevile walikuwa wamegawiwa ardhi kuanzia 1919. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa, ambao warithi wao hawakupatikana, ilibaki serikalini. Mkataba wa kupima uzito wa chuma hicho cha shingoni haukuwapo, na hakuna mtunzi wa historia mbadala ya manowari aliyehitaji kuukumbuka.

Abdulrazak Gurnah, katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020, amechagua njia nyingine: habadilishi matokeo ya vita hivyo, bali anawajaza watu ndani yake. Ni njia ya heshima, ila haiondoi haja ya -ngali-. Historia mbadala iliyotungwa kutoka Ruiru ingewezekana, nayo isingehitaji kubadili hata bamba moja la chuma katika karakana za Kiel. Ingeanza asubuhi moja ya 1917, kiongozi wa mtaa anapopita na orodha ya majina, na kila nyumba anayoifikia inakataa kumtoa mtu.