Kumdanganya Mdadisi

Je, ni kosa kumdanganya mtu aliyekuja kukuhesabu? Nauliza kwa sababu kudanganywa kulikuwa sehemu ya kazi yangu. Nimekuwa mdadisi wa tafiti za kaya Kibondo na Kasulu, nikipita na kishikwambi nyumba hadi nyumba kuuliza nani anaishi hapa, nani anafanya kazi gani, nani aliumwa, nani anakosa usingizi kwa mawazo.

Kuna majibu ambayo msimamizi huyaita uongo, lakini si uongo. "Sina kazi, nalima tu." Neno hilo "tu" limewasumbua hata wataalamu. Mwaka 1982, wanatakwimu wa kazi waliokutana Geneva walikubaliana kwamba aliyefanya kazi japo saa moja ndani ya wiki asihesabiwe kuwa hana ajira, na mkulima wa chakula chake aliweza kuingia humo. Mwaka 2013 wakabadilisha: anayelima hasa kwa ajili ya kula nyumbani anafanya kazi, ndiyo, lakini hiyo haiitwi ajira. Kwa hiyo nalazimika kuuliza: haya maharage ni hasa ya kula au ya kuuza?

Mama mmoja alinijibu, "Itategemea, mwanangu." Hakuwa anakwepa. Gunia la maharage nyanda za juu za Kigoma ni chakula mpaka siku mtoto atakapotakiwa shule na madaftari, au mtu atakapopelekwa hospitali usiku kwa bodaboda. Hapo linageuka biashara. Kishikwambi hakina "itategemea". Akichagua kuuza, ana ajira. Akichagua kula, hana, na jembe ni lile lile. Unaposoma kwamba mwaka 2014 Utafiti wa Nguvu Kazi ulikuta ukosefu wa ajira wa asilimia 10.3 nchini, kumbuka kwamba kila asilimia ya namna hiyo imepita kwenye vinywa vya watu waliolazimishwa kuchagua.

Ila ule uongo ninaouwazia ni mwingine. Swali lenyewe ni jepesi: wiki iliyopita, kuna mtu asiye wa kaya hii aliyewafanyia kazi shambani kwa malipo? "Hakuna." Anayejibu ananitazama usoni, na majembe yaliyoegemezwa ukutani ni mengi kuliko watu alionitajia.

Kila mtu huko anajua. Msimu wa kulima na wa palizi, watu huvuka kutoka Burundi kuja kutafuta vibarua. Wengine wamekuwa wakitoka kambini, Nyarugusu upande wa Kasulu, iliyofunguliwa 1996, au Nduta upande wa Kibondo. Wanalima kwa fedha kidogo, pengine kwa chakula tu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilopangiwa, na kutoka ni kwa kibali. Aliyemweka kibarua wa namna hiyo shambani ana sababu zake za kusema hakuna.

Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi inayohusu mlango kama huo. Muuaji anakuuliza kama rafiki yako anayemwinda yumo ndani. Kant alisema hata hapo huna haki ya kusema uongo. Alikuwa akimjibu Mfaransa Benjamin Constant, aliyeona kwamba ukweli ni deni kwa yule tu mwenye haki nao. Mimi si muuaji, nina kitambulisho shingoni na barua ya halmashauri. Lakini pembeni yangu amesimama mwenyekiti wa kitongoji aliyenisindikiza, na kishikwambi kinarekodi kwa setilaiti mahali nyumba ilipo. Nimesoma kwa sauti kwamba majibu yatakuwa siri, na naamini ninachosoma. Ninayemsomea hana njia ya kuhakikisha, na mimi jioni nitakuwa nimeondoka.

Tena si mara ya kwanza watu wa huku kuandikwa. Babu zao waliandikwa kwa ajili ya kodi ya kichwa. Waliandikwa kwenda kuwa manamba kwenye mkonge, na tangu 1944 wakulima wa mkonge walikuwa na ofisi yao ya kukusanya vibarua, SILABU, iliyoifanya Kigoma kuwa shamba la kuvuna watu. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini. Hata leo, kwa mtu wa mpakani, "ulizaliwa wapi?" ni swali linalonuka Uhamiaji. Ajabu ingekuwa wangejibu bila kufikiri.

Lakini naona sababu nzito kuliko hofu. Ile fomu ya ridhaa, nani ameikubali? Mkuu wa kaya. Yule kibarua hakuulizwa. Mwenye nyumba anaweza kuniruhusu nijue ekari zake, madeni yake, hata huzuni zake. Hana mamlaka ya kunipa habari za mtu mwingine ambazo zinaweza kumrudisha huyo mtu mpakani. Kwa hiyo namuunga mkono Constant. Sikuwa na haki na jibu lile. Mafunzoni tunafundishwa kudodosa zaidi tunapohisi jambo limefichwa. Kwa swali hili sidodosi. Nikiambiwa hakuna, naandika hakuna.

Natamani ningeweza kuishia hapo, maana hoja hiyo inanipendeza. Shida ni kwamba uongo huo una mtu unayemuumiza, naye ndiye yule yule unaomlinda. Mchambuzi wa Dodoma atakuta ekari nne zilizopaliliwa kwa wiki moja na mume, mke na bibi mwenye miguu mibovu, aandike kwamba kaya hii ina bidii. Kibarua hayumo kwenye orodha ya wanakaya, kwa hiyo hayumo kwenye saa za kazi, wala kwenye malaria, wala kwenye yale maswali ya wiki mbili zilizopita kuhusu kukata tamaa. Akifanyishwa kazi kisha asilipwe, hakuna jedwali litakaloonyesha.

Miaka ya 1931 na 1932, watafiti waliokwenda Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake kilikuwa kimefungwa, walijiwekea sharti kwamba asiwepo mtafiti wa kutazama tu. Waligawa nguo, wakaleta matibabu ya bure, ndipo wakauliza. Sisi huacha mche wa sabuni, na sabuni yenyewe hupewa kaya. Ningependa kuona utafiti unaoanzia kwa vibarua wenyewe, huko huko wanakosubiri kuitwa alfajiri, bila jina, bila setilaiti na bila mwenyekiti pembeni. Niliwahi kulipendekeza hilo kwenye kikao. Nikaulizwa sampuli itatoka orodha gani.