Tawakkuli na Maradhi ya Sukari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo: iko masala ambayo yapasa Waislamu waijue. Mtu aambiwapo na tabibu kuwa ana maradhi ya sukari, je, kushika dawa umri wake wote ni kupungukiwa na tawakkuli?

Masala hii haikuzuka bure. Huko bara, katika mji wa Songea mkoani Ruvuma, kama ilivyo katika miji ya pwani, mtu hutoka hospitali na habari hiyo, na jambo la kwanza alifanyalo ni kuificha. Humficha mkewe, na wenzake wa msikitini pia. Akialikwa khitma hula wali na kunywa chai tamu kama wengine, asije akaulizwa. Kisha humjia mtu akamwambia, "Ni kadari, mwenye imani hategemei sindano," na mwingine humuuzia mizizi na kumwapia kuwa maradhi yatakwisha. Naye hulipokea neno hilo kwa furaha, kwani lampa ruhusa ya kusahau. Lakini mficha maradhi kilio humfichua: kidonda kidogo cha mguuni hakifungi, na huenda mwisho wake mguu ukakatwa.

Na ijulikane kwamba kadari haiondoi sababu. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, katika Ihyaa amezigawa sababu mafungu matatu: za yakini, kama mkate kwa mwenye njaa, za dhana, kama dawa nyingi za matabibu, na za kuwazia tu. Kuacha za yakini panapohofiwa mauti si tawakkuli, bali ni haramu. Kutumia za dhana hakuvunji tawakkuli. Zinazoachwa na mwenye tawakkuli ni za kuwazia.

Fungu hili la tatu watu wa Songea walijua kwa msiba. Katika vita vya Maji Maji, 1905 mpaka 1907, mababu zao waliahidiwa kuwa maji ya dawa yatazuia risasi. Ushujaa wao hauna shaka, lakini risasi hazikugeuka maji, na Februari 1906 Wadachi waliwanyonga makumi yao mjini humo.

Watasema: wanazuoni wa Kishafii wamesema kujitibu ni sunna, si wajibu. Ni kweli, lakini walisema hivyo kwa kuwa dawa haina yakini. Nayo iko namna ya sukari ambayo mwili hautoi insulini. Kabla ya 1922, kijana wa kwanza alipotiwa dawa hiyo mjini Toronto, wagonjwa wa namna hii hawakuwa wakiishi muda mrefu. Kwao sindano ni mkate, aiachaye amejiangamiza. Na mwenye namna ya pili, atulizwaye kwa vidonge, kiasi cha chakula na kutembea, asidharau sunna ilhali ana watoto wanaomtegemea.

Na saumu ni vivyo hivyo. Qur'ani (Al-Baqara, 184 na 185) imempa mgonjwa ruhusa. Si kila mwenye sukari amekatazwa kufunga. Amuulize tabibu mwaminifu. Akihofia kuangamia, kufungua ni wajibu. Na ikiwa saumu yamdhuru na hatarajiwi kupona, atatoa kibaba kimoja kwa kila siku katika chakula cha mji, na Songea chakula hicho ni mahindi. Wala asidhaniwe kuwa imani yake imepungua.

Na jamaa nao wana wajibu wao. Mwenye khitma aweke maji na chai isiyo sukari pamoja na ile tamu, wala asimuulize mtu kwa nini amechagua hii. Mgonjwa akishaona hatachekwa, hatakuwa na haja ya kuficha. Subira yake si kuacha dawa. Ni kuishika kila siku, huku moyo wake wajua kuwa mponyaji ni Mwenyezi Mungu peke yake.

Wallahu aalam.