Mkono Uliokwisha Kuinuliwa

Wapendwa papa na mama, vijana wa Bwana hapa Muhumba na Bukavu yote, tujiulize: mkono uliokwisha kuinuliwa ili kupiga, je, unaweza kusimama?

Ibrahimu alikuwa ameshika kisu, malaika wa Bwana akamwita, na mkono ukasimama (Mwanzo 22). Wanaochunguza ubongo wanasema kwamba sehemu yake ya mbele, upande wa kulia, husaidia kutuma amri ya kukata tendo lililoanza. Lakini nafasi ni fupi. Mwaka 2016 wataalamu wa Berlin walionyesha kwamba, ikibaki sehemu ya tano ya sekunde moja, mtu hawezi tena kuuzuia mwendo usianze. Anaweza tu kuukatiza njiani. Tena, aliyejiweka tayari kusimama husimama upesi zaidi.

Basi mwizi anaposhikwa mtaani na watu wanaokota mawe, hiyo si saa ya kuanza kutafuta amri ya Mungu. Asemaye «hasira ilinishika, mkono ulikwenda wenyewe» anasema nusu ya kweli. Mkono ulikwenda, lakini siku zote za kabla zilikuwa zake.

Mwaka 1921, Papa Simon Kimbangu alipojitoa kwa askari huko Nkamba, aliwaonya waamini wasirudishe ubaya kwa ubaya.

Upendo, amri, kazi: tuviweke moyoni leo, wakati mikono yetu ingali chini. Bwana awabariki. Amina.