Kikohozi cha Mtu Mzima

Mtu hulaumiwa kwa dhara alilolikusudia. Je, ni haki alaumiwe kwa dhara lililotoka kinywani mwake bila ya yeye kujua? Swali hili laonekana kuwa la mabishano ya barazani tu, lakini kifaduro hulifikisha mpaka kitandani pa mtoto mchanga.

Kifaduro huanza kwa hila. Juma moja au mawili ya kwanza hufanana na mafua: kamasi, homa ndogo, kikohozi kisicho na kishindo. Kisha kikohozi hushika mfululizo hata pumzi ikaisha. Mgonjwa anapoivuta tena hutoa mlio mfano wa jogoo mchanga anayejifunza kuwika, na mara nyingi hutapika. Mlio huo ndio watu waujuao. Kumbe maradhi huambukiza zaidi siku zile za mwanzo, kabla haujasikika! Tena watu wazima wengi hawautoi kabisa. Hukohoa majuma mengi, wakienda sokoni na shuleni, wakisingizia vumbi. Mtoto wa mwezi mmoja naye pengine hakohoi: pumzi husimama, midomo ikageuka buluu. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa ile ile.

Kijidudu ni kimoja kwa wote wawili, kile walichokitenga Jules Bordet na Octave Gengou mwaka 1906.

Wengine watasema kwamba asiyejua hana hatia. Nakubali nusu ya neno hilo. Yuko asiyejua kwa sababu hakuwa na njia ya kujua. Na yuko asiyejua kwa sababu hakutaka kuuliza. Waliougua kabla ya mwaka 1906 nawasamehe wote. Sisi tusomao vitabu udhuru wetu ni mwembamba. Nchini Kenya mtoto huchanjwa akiwa na umri wa majuma 6, 10 na 14. Kabla ya hapo ngao yake kubwa ni hadhari ya wanaomzunguka, na kinga ya mamaye pale ambapo wajawazito huchanjwa, kama Uingereza tangu mwaka 2012. Wala mtu asiseme, “Mimi nilichanjwa utotoni,” au, “Nilikwisha ugua.” Kinga zote mbili hufifia kwa kupita miaka.

Jambo gumu ni adabu. Kwetu mtoto akizaliwa, jamaa huja kumpakata, na kumzuia mgeni ni kama kumtukana. Shangazi aliyesafiri kutwa nzima, ataambiwaje asimame mlangoni kwa ajili ya kikohozi? Mimi naona aambiwe, kwa heshima zote. Na akinuna, na anune. Aende kwanza kwa tabibu. Akiwa ni kifaduro, bila dawa aweza kuambukiza kwa majuma 3 hivi tangu kikohozi kuanza. Akipewa dawa ifaayo ya kuua vijidudu, baada ya siku 5 aweza kurudi na kumpakata mtoto.