AMANA YA MWILI: MWENYE SUKARI NA WAJIBU WA KUPIMWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mngu, aliyetuumba kwa umbo lililo zuri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na masahaba zake.



Katika darasa yetu aliinuka jamaa mmoja akauliza suala ambalo tumeona lafaa kujibiwa kwa maandishi, kwani wenye kuliuliza barazani ni wengi. Alisema: "Mimi nina ugonjwa wa sukari, na huu ni mwaka wa saba. Dawa nameza, wala siumwi na kitu. Daktari aniambia nende nikapimwe macho, na miguu, na mkojo. Je, mtu asiyeumwa kuyatafuta maradhi, si kupungukiwa na tawakkuli? Si bora nimwachie Mwenyezi Mngu?"

Jawabu yetu ni kuwa tawakkuli si kuketi. Waliomwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, na akawajulisha kuwa hapana maradhi yaliyoteremshwa ila yana dawa yake, isipokuwa uzee. Na Sayyidna Umar (R.A.), alipokuwa safarini kwenda Sham akapata habari kwamba tauni imeingia huko, aliwarudisha watu. Abu Ubaida (R.A.) akamwuliza kama aikimbia kadari ya Mwenyezi Mngu. Umar akamjibu kwamba naam, waikimbia kadari ya Mwenyezi Mngu kwenda kwenye kadari yake nyingine; akampigia mfano wa mchunga ngamia aliyefika bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Basi mwenye sukari naye yuko kati ya pande mbili hizo. Akipimwa, kapimwa kwa kadari; na asipopimwa akapofuka, ataulizwa kwa nini aliliacha bonde la majani.

Ama kauli ya kuwa "siumwi na kitu", hapo ndipo ulipo mtego. Maradhi haya si mageni; Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliyataja katika kitabu chake cha Al-Qanun. Lakini tabia yake ni kwamba hayapigi hodi. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huiharibu mishipa midogo midogo ya damu na mishipa ya fahamu, pole pole, na mwenyewe hana habari. Jicho laweza kuwa laharibika kwa ndani, naye angali ausoma msahafu wake bila taabu. Siku atakapoona mawingu, madhara yameshatangulia, na tiba ya miali huweza zaidi kuuhifadhi uoni uliobaki kuliko kuurudisha uliopotea. Mafigo nayo huanza kupitisha protini katika mkojo kabla miguu haijavimba. Na mguu hufa ganzi. Twamjua mzee aliyetoka msikitini baada ya Alasiri, msumari wa kiatu umemwingia unyayoni, akatembea nao hadi Isha asihisi. Waliouona ni wajukuu zake, kwa damu iliyokuwa kwenye mkeka. Kidonda kile kilimpotezea vidole viwili. Na alikuwa akisema maneno yale yale, kuwa haumwi na kitu.

Kwa hivyo mwenye sukari asingoje maumivu. Yampasa kila mwaka achunguzwe macho kwa dawa ya kutonesha inayoipanua mboni, na aende na mwenziwe, kwani kwa saa chache ataona kiwi. Mtu mzima aliyepata sukari ile ya ukubwani aanze tangu mwaka ule ule alioambiwa anayo, kwani huenda imekuwamo mwilini miaka kabla ya kujulikana. Kila mwaka apimwe protini ya mkojo na damu ya mafigo, apimwe mafuta ya damu, atazamwe meno na ufizi, na miguu yake iguswe kwa uzi mwembamba ili ijulikane kama ingali yahisi. Kila aendapo kwa daktari apimwe presha. Na kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kisipungue mara mbili kwa mwaka. Kwani kipimo cha kidole cha asubuhi moja chaweza kumsifu mtu ambaye miezi yake yote ni mibaya.

Tena tazameni, ndugu zangu, jinsi dini yetu ilivyotutangulia. Mwislamu huosha miguu yake kwa udhu kila siku, na ni sunna kupitisha vidole baina ya vidole vya miguu. Mwenye sukari na auzidishe udhu wake kwa jambo moja: autazame unyayo wake, na kama haoni vyema amwite mwanawe amtazamie. Maji yasiwe ya moto, na baina ya vidole akaushe. Akiona lengelenge, au wekundu, au mkwaruzo, asingoje Ijumaa.

Na Ramadhani isimkute hajauliza. Mwezi mmoja au miwili kabla, aende kwa daktari ajue kama aweza kufunga, na dawa zake zibadilishwe vipi. Kudunga kidole kupima sukari hakufunguzi, kwa rai ya wanavyuoni wengi wa zama zetu. Na sukari ikishuka chini ya 3.9, afungue papo hapo. Kwani mgonjwa Mwenyezi Mngu amempa ruhusa, na mwenye kuikataa ruhusa hiyo hadi akaanguka hakuzidisha uchaji, amezidisha ujinga.

Wako wanaoacha vipimo wakanywa kombe, au wakavaa hirizi. Dua ni ibada, wala hatuikatazi. Tunalolikataza ni kuifanya wino na karatasi badala ya dawa, kisha kuambiana kuwa huo ndio uchaji.

Na wako wasemao: "Hatuna gharama." Kwa walio wanyonge kweli, neno hili ni letu sote kulibeba. Lakini wangapi miongoni mwetu huandaa harusi ya siku saba, biriani na halua zikamwagwa, na mama mzazi ndani ya nyumba hiyo hiyo hajapelekwa kutazamwa macho kwa kukosa nauli na mtu wa kumfuata? Mama huyo hasemi, hungoja aulizwe. Basi tuwaulize mama zetu na wake zetu, wala tusingoje washike ukuta wakitafuta mlango.

Jamaa aliyeuliza alikwenda akapimwa. Macho yameonekana yameanza kudhurika kidogo, nayo yaliwahiwa. Juma lililofuata alirudi darasani, akasoma nasi kama kawaida yake.

Mwili ni amana, na mwenye amana huitazama kabla mwenyewe hajaja kuitaka. Twamwomba Mwenyezi Mngu atupe afya, na atupe akili ya kuihifadhi. Amin.

Wabillahi Ttawfiq.